Dubai Kabla ya Selfi: Nchi ya Mchanga Ilivyogeuka Sebule ya Dunia

Kila msimu wa sikukuu kuna staa, majina kapuni maana wako wengi, anayetupia picha tatu zilezile. Ya kwanza yuko juu ya ngamia. Ya pili yuko kwenye gari linalorukaruka matuta ya mchanga. Ya tatu kasimama mbele ya chemchemi zinazocheza muziki, nyuma yake Burj Khalifa imetoboa mawingu. Mashabiki nao wanagawanyika timu mbili. Timu ya kwanza inauliza nani kalipia tiketi. Timu ya pili inatoa jibu la kitaalamu: "Wale wana mafuta bana, ndo maana."

Hiyo timu ya pili ikae chini kidogo isikilize, kwa sababu stori ya mafuta ni nusu tu, tena nusu ndogo.

Umoja wa Falme za Kiarabu ni nchi moja yenye falme saba: Abu Dhabi, Dubai, Sharjah, Ajman, Umm Al Quwain, Ras Al Khaimah na Fujairah. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta ya nchi nzima iko Abu Dhabi. Dubai, ile ambayo kila mtu anaitaka kwenye picha, ilipata kidogo na ikajua mapema kwamba ni kidogo. Kwa hiyo kilichoijenga sio utajiri peke yake. Hofu ya kufilisika ilifanya kazi kubwa zaidi, na haikuwa hofu ya kufikirika. Pwani ile ilikuwa imeshafilisika mara moja, watu wakala ngumu kweli.

WAZAMIAJI WA KWELI

Ukisema "mzamiaji" leo kijiweni, watu wanamfikiria jamaa aliyejificha kwenye meli akitafuta maisha Ughaibuni. Miaka 120 iliyopita kwenye Ghuba, mzamiaji alikuwa mtu wa lulu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kiangazi, joto likiwa kali na maji yakiwa ya moto, majahazi yalitoka kwa miezi kama minne. Mzamiaji alibana pua kwa kibanio, akaning'iniza kikapu shingoni, akafunga jiwe zito mguuni na kushuka nalo mpaka chini. Huko alikuwa na dakika moja hivi, ikizidi sana moja na nusu, ya kuokota chaza. Kisha alitikisa kamba, na mwenzake aliyebaki juu akamvuta. Alipumua kidogo, akashuka tena. Alishuka na kupanda hivyo mara kwa mara kutwa nzima, huku akila kidogo sana maana tumbo likijaa huwezi kuzamia.

Bosi wa jahazi aliitwa nakhoda, neno lilelile ambalo Waswahili wanasema nahodha. Kabla ya msimu, nahodha alimkopesha mzamiaji hela ya kuiachia familia. Msimu ukiisha, lulu zikauzwa, mgawo ukapigwa, mzamiaji aliambiwa bado anadaiwa. Mwaka unaofuata alirudi kuzamia kulipa deni la mwaka jana. Kuna waliokufa na deni likahamia kwa mtoto wa kiume, naye akaingia majini.

Sasa hapa kuna kipande ambacho hakipo kwenye matangazo ya utalii. Wengi wa waliozamia na kuvuta kamba kwenye majahazi yale walikuwa watumwa, na wengi wa hao walitoka upande huu wa Bahari ya Hindi, Afrika Mashariki. Mwaka 1873 Sultani wa Zanzibar alisaini mkataba wa kufunga soko la watumwa, lakini magendo hayakukoma siku hiyo. Biashara ya lulu ilikuwa inapaa, matajiri wa Ulaya, Marekani na India walikuwa wanazitaka, na mikono ya kuzamia ilihitajika. Kwa hiyo mtoto aliyeibwa bara angeweza kuishia chini ya Ghuba akiokota chaza, na mgawo wake ukachukuliwa na bwana wake.

Ndiyo maana mpaka leo ukienda kwenye miji ile ya pwani utakuta raia kabisa wa Falme, wamevaa kanzu zao nyeupe, sura zao zingepita Tanga au Lamu bila mtu kugeuka. Na sio wote mababu zao walikwenda kwa hiari.

BORITI ZA RUFIJI JUU YA KICHWA CHA MTALII

Kipande kingine cha kwetu kiko juu, darini. Jangwa halina miti ya kujengea. Kila mwaka upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Ghuba yakiwa na tende, mazulia na samaki wakavu. Kusi ilipoanza yakarudi yamejaa boriti za mikoko kutoka delta ya Rufiji na Lamu. Boriti zile ndizo zilizobeba dari za nyumba za Dubai, Sharjah na miji mingine ya Ghuba.

Mafundi wanasema upana wa chumba cha kizamani kule ulifuata urefu wa boriti. Ndiyo maana vyumba vingi vya zamani ni vyembamba na virefu, kama vya Mji Mkongwe. Leo mtaa wa zamani wa Dubai, Al Fahidi, umekarabatiwa na kuwa kivutio. Mtalii analipia kahawa, anapiga picha minara ya kuvutia upepo, anashangaa jinsi watu walivyoishi bila kiyoyozi. Juu ya kichwa chake kuna boriti. Wachache wanajua zilikatwa kwenye tope la nani.

LULU ZILIPOKUFA

Miaka ya 1920 Wajapani walikuwa wameshafaulu kufuga lulu. Badala ya kubahatisha chini ya bahari, unamfuga chaza, unamuwekea kitu ndani, unasubiri. Lulu za kufugwa zikamiminika sokoni kwa bei ya chini. Kisha mwaka 1929 uchumi wa dunia ukaporomoka, na matajiri waliokuwa wananunua mikufu wakawa na shida zao wenyewe.

Pwani nzima ikalala. Majahazi yakaozea ufukweni. Watu walikaa na njaa, wengine wakahama. Hakukuwa na kilimo cha maana cha kukimbilia na mafuta yalikuwa bado hayajaonekana. Kizazi kilichokuja kuijenga Dubai ya leo kilikulia ndani ya ukata huo. Walishaona kwa macho yao kwamba nchi inayotegemea kitu kimoja ikikipoteza, imekwisha.

HOTELI YA KWANZA ILIKUWA NGOME

Wakati lulu zinakufa, kitu kingine kilitua mchangani. Mwaka 1932 Waingereza walikuwa wanatafuta pa kutua ndege zao zinazotoka London kwenda India. Ndege za enzi zile zilikuwa haziwezi kwenda mbali bila kujaza mafuta, na usiku zililala kama abiria wao. Kampuni ya Imperial Airways ikakubaliana na mtawala wa Sharjah: yeye anatoa uwanja na nyumba ya wageni, wao wanalipa kodi.

Nyumba yenyewe ilijengwa kama ngome, ina kuta nene na walinzi wenye bunduki, maana nje kulikuwa jangwa na kuvamiwa kulikuwa jambo la kawaida. Abiria, wengi wao maofisa na wafanyabiashara waliovaa suti katikati ya joto, walishuka, wakala, wakalala, asubuhi wakaondoka. Hakuna aliyekuja Sharjah kwa ajili ya Sharjah. Lakini kwa mara ya kwanza mtawala wa pwani ile aliona hela inayotokana na mgeni kulala tu. Mgeni hakununua lulu wala kuchimba chochote, alilipia kitanda na njia, basi.

Jengo hilo bado lipo, limekuwa makumbusho yanayoitwa Al Mahatta, maana yake kituo. Barabara inayopita hapo sasa ndiko ndege zilikokuwa zinakimbilia kuruka.

MZEE ALIYECHIMBA HORI KWA MKOPO

Dubai yenyewe iliishi kwa hori, ule mkono wa bahari unaoingia ndani ya mji. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtawala wake aliondoa ushuru, na wafanyabiashara waliokuwa wanabanwa na ushuru upande wa Uajemi wakahamia pale na familia zao. Ndio walioujenga mtaa ule wenye minara ya upepo. Kumbuka hili: Dubai ilianza kutoboa kwa kuwaambia wageni "njooni, hatuwakamui".

Shida ni kwamba hori ilikuwa inajaa mchanga. Jirani zao Sharjah walishaona hori yao ikijaa na biashara ikihama. Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, aliyeshika rasmi utawala wa Dubai mwaka 1958, hakusubiri yamkute. Alitafuta hela, kubwa ikiwa mkopo kutoka Kuwait, akaleta mitambo ikachimba hori mpaka meli kubwa zaidi zikaweza kuingia. Kazi ilifanyika kati ya 1959 na 1961. Weka akilini kwamba mafuta ya Dubai yaligunduliwa mwaka 1966 na kuanza kuuzwa nje 1969. Yani mzee alikopa na kuchimba wakati mfuko hauna kitu.

Mwaka 1960 akafungua uwanja wa ndege. Njia yake ya kurukia ilikuwa mchanga ulioshindiliwa, lami ikaja miaka mitano baadaye. Mwaka 1963 likaja daraja la kwanza la kuvuka hori. Wafanyabiashara walipitisha kila kitu pale, nguo, saa, na dhahabu iliyovushwa kimyakimya kuelekea India. Dubai ilikuwa kama Kariakoo yenye bandari: hazalishi mtu, lakini kila mzigo unapita.

Waingereza walitangaza mwaka 1968 kwamba wanaondoka Ghuba. Tarehe 2 Desemba 1971 falme sita zikaungana kuwa nchi moja, Ras Al Khaimah ikajiunga Februari 1972. Sheikh Zayed wa Abu Dhabi akawa rais, Abu Dhabi ikawa na mafuta mengi, na Dubai ikaendelea na tabia yake ya kujenga kwanza, kuuliza baadaye. Bandari ya Rashid ilifunguliwa 1972. Bandari ya Jebel Ali, iliyochimbwa mahali ambapo hakukuwa na kitu, ikaja 1979. Mwaka huohuo Malkia wa Uingereza alifungua jengo la Dubai World Trade Centre, ghorofa 39 zimesimama peke yake mchangani, mbali na mji. Kuna waliosema mzee amechanganyikiwa. Leo jengo hilo limezungukwa na marefu zaidi mpaka unalitafuta.

DOLA MILIONI 10 NA NDEGE ZA KUKODI

Katikati ya miaka ya 1980 likatokea bifu la ndege. Shirika lililokuwa linahudumia Ghuba, Gulf Air, lilipunguza safari zake za Dubai. Kwa mji unaoishi kwa kupitisha watu na mizigo, hiyo ni kama kubanwa koo.

Dubai ikaanzisha shirika lake. Mtaji ulikuwa dola milioni 10. Ndege za mwanzo zilikodishwa kutoka shirika la ndege la Pakistani. Tarehe 25 Oktoba 1985 safari ya kwanza ya Emirates ikaruka kwenda Karachi. Walioiendesha waliambiwa wasitegemee serikali iwafidie hasara kila mwaka.

Ujanja wao ulikuwa kuangalia ramani. Kutoka Dubai, ndani ya saa 8 hivi angani, unafika kwa sehemu kubwa ya watu wote wa dunia. Mtu wa Nairobi anayekwenda Guangzhou, mtu wa Mumbai anayekwenda London, wote wanaweza kupita pale. Ni mchezo uleule wa ngome ya Sharjah ya 1932, ila sasa mwenye njia ndiye mwenye ndege. Kabla ya hapo, Desemba 1983, walishafungua maduka yasiyo na ushuru uwanjani, ili anayesubiri ndege asikae bure na hela yake mfukoni.

Mara ya kwanza wageni walipita tu. Swali la miaka ya 1990 likawa: utamfanyaje huyu anayepita atoke nje ya uwanja, alale usiku mmoja, halafu mitatu, halafu wiki?

KUTENGENEZA SABABU YA KUJA

Kwa asili Dubai haikuwa na mengi ya kuonyesha. Hakuna Serengeti, hakuna Kilimanjaro. Kuna ufukwe, kuna mchanga, kuna jua ambalo kuanzia Juni linapita nyuzi 40. Kwa hiyo walifanya kitu ambacho wengine wanakiona cha kipuuzi lakini kililipa: walianza kutengeneza vivutio kwa mikono.

Mwaka 1988 walifungua uwanja wa gofu wa nyasi za kijani katikati ya jangwa. Mwaka 1996 walianzisha tamasha la kununua vitu, yani kufanya shopingi yenyewe kuwa sherehe, na mwaka huohuo mbio za farasi zenye zawadi kubwa zilizovuta matajiri wa dunia. Mwaka 1997 wakaunda idara maalumu ya utalii na masoko.

Halafu Desemba 1999 ikafunguliwa Burj Al Arab. Hoteli ya mita 321 juu ya kisiwa cha kutengeneza, umbo la tanga la jahazi. Magazeti yakaiita ya nyota saba, wakati daraja rasmi la nyota saba halipo kabisa. Wenyewe hawakuhangaika sana kukanusha! Februari 2005 wakawaleta Andre Agassi na Roger Federer wacheze tenisi kwenye jukwaa la kutulia helikopta, zaidi ya mita 200 juu ya bahari. Picha ile ilizunguka dunia nzima, wakati Instagram ilikuwa haijazaliwa, ilikuja 2010. Kwa maneno mengine, Dubai ilijua kutafuta kiki kabla mitandao haijatufundisha.

Mwaka 2001 wakaanza kumwaga mchanga baharini kutengeneza kisiwa chenye umbo la mtende, Palm Jumeirah. Hesabu yake ni rahisi: ufukwe wa asili ni mstari ulionyooka na mfupi, lakini ukichora majani ya mtende unapata ufukwe mrefu mno wa kujengea hoteli na nyumba. Mwaka 2002 wageni wakaruhusiwa kumiliki nyumba kabisa katika maeneo maalumu, na hela ikaingia kama mafuriko. Mwaka 2005 ikaja Mall of the Emirates yenye mlima wa theluji ndani. Nje nyuzi 42, ndani watu wamevaa makoti.

Ndugu zao nao hawakulala. Abu Dhabi ilileta mbio za Formula One 2009 na makumbusho ya Louvre Abu Dhabi 2017. Sharjah ilichagua njia ya vitabu na makumbusho, bila pombe. Ras Al Khaimah ikatumia mlima wake, Jebel Jais, ikafunga waya wa kuteleza mrefu kuliko wote duniani.

2009: BILI IKAFIKA MEZANI

Sasa usifikiri ilikuwa raha mustarehe. Kujenga kwote kule kulikuwa kwa mikopo. Uchumi wa dunia ulipoyumba mwaka 2008, nyumba zilizokuwa zinauzwa kabla hazijajengwa zikakosa wanunuzi. Bei zikaanguka, winchi zikasimama. Novemba 2009 kampuni kubwa ya serikali, Dubai World, ikaomba wadai wake wasubiri. Masoko ya hisa duniani yakashtuka.

Desemba hiyo Abu Dhabi, yule ndugu mwenye mafuta, akatoa dola bilioni 10. Wiki chache baadaye, tarehe 4 Januari 2010, mnara mrefu kuliko yote duniani ulikuwa unafunguliwa, mita 828. Miaka yote ya ujenzi uliitwa Burj Dubai. Usiku wa uzinduzi jina likabadilika: Burj Khalifa, kwa heshima ya Sheikh Khalifa, mtawala wa Abu Dhabi na rais wa nchi. Hakuna aliyehitaji kuelezewa zaidi. Ukiokolewa na ndugu, unajua kusema asante.

Kwa hiyo wale wa "mafuta bana" wana haki kidogo. Mafuta ya jirani yalifunga pengo. Lakini angalia kilichobaki baada ya pengo kufungwa: uwanja wa ndege, hoteli, treni ya mjini iliyofunguliwa Septemba 2009 katikati ya mtikisiko, na jina ambalo kila mtu duniani analijua. Kuanzia 2014 uwanja wa Dubai ukawa wa kwanza duniani kwa abiria wa kimataifa. Mwaka 2019 wageni waliolala Dubai walikuwa milioni 16.73. Uviko ukafunga kila kitu. Julai 2020, nchi nyingi zikiwa bado zimejifungia, Dubai ikafungua mlango kwa watalii. Maonyesho ya Expo 2020 yakafanyika kwa kuchelewa, Oktoba 2021 mpaka Machi 2022. Mwaka 2024 idadi ya wageni ilifika milioni 18.72, rekodi.

NANI ANATANDIKA KITANDA

Wageni milioni 18 hawajihudumii. Kati ya kila watu kumi wanaoishi Falme za Kiarabu, karibu tisa sio raia. Wahindi, Wapakistani, Wabangladeshi, Wanepali na Wafilipino ndio wengi, na miaka ya karibuni wamo Waganda, Wakenya na Watanzania wa kutosha. Mlinzi wa getini anaweza kuwa kijana wa Kampala. Anayekupokea hotelini kwa tabasamu anaweza kuwa dada wa Mombasa. Ukiingia Deira, mitaa ile ya maduka ya jumla, Kiswahili unakisikia bila kutafuta, maana akinamama wa Kariakoo na Eastleigh wamekuwa wakifunga mizigo pale tangu enzi za kupiga simu kwa kadi.

Kwa wengi kazi imelipa. Nyumba zimejengwa, wadogo wamesomeshwa. Lakini mfumo wa kafala, unaomfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemdhamini, umeumiza watu pia. Sheria ya kule inakataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi, na bado wako wanaonyang'anywa. Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba kazi za juani zinakatazwa kuanzia saa 6:30 mchana mpaka saa 9, na zipo sheria mpya za kazi za miaka ya karibuni. Sheria inasaidia anayeijua. Msichana wa kazi za ndani aliyefungiwa kwenye nyumba ya ghorofa ya 20, aliyepelekwa na wakala asiye na ofisi, akiwa na deni la tiketi kabla hajaanza kazi, sheria hiyo haimfikii kirahisi.

Deni kabla ya kazi. Hebu rudi juu kidogo kwa yule mzamiaji wa lulu aliyekopeshwa na nahodha kabla jahazi halijatoka. Miaka zaidi ya mia imepita, jahazi limekuwa ndege, lakini hesabu ile ya kuanza na deni haijafa.

Na maumbile nayo yana hesabu yake. Maji ya kunywa mengi yanatoka baharini, yanachujwa chumvi kwa umeme mwingi. Tarehe 16 Aprili 2024 ilinyesha mvua kubwa kuliko zote zilizopimwa ndani ya miaka 75. Barabara zikawa mito, na uwanja ule wa kwanza duniani ukasimama. Jangwa lilikumbusha kuwa bado lipo.

KWA HIYO TUNAJIFUNZA NINI

Wapo wanaoangalia Dubai na kusema sisi tuna mbuga, mlima, fukwe na visiwa, tungekuwa mbali sana. Ni kweli vitu tunavyo. Ila historia ya wale jamaa inaonyesha kwamba kitu peke yake hakileti mgeni. Mgeni anafuata njia iliyo wazi, ushuru unaoeleweka, ndege inayoruka kwa wakati, na mtu aliyekaa akawaza miaka ishirini mbele wakati mfuko uko mtupu. Wao walianza na mchanga na hori inayojaa.

Lakini kuiga majengo bila kuangalia bili ni kuiga nusu. Walikopa mpaka wakaokolewa. Walijenga kwa mikono ya watu ambao wengi hawatakuwa raia kamwe. Na kabla ya hapo utajiri wa kwanza wa pwani ile ulipandishwa kutoka chini ya maji na watu walioibwa kwao.

Kijana anayepanga kwenda kule, kwa kutalii au kwa kazi, aende, hakuna anayemzuia. Anayekwenda kwa kazi ahakikishe mkataba anausoma kabla ya kupanda ndege, wakala ana usajili unaojulikana, na nakala ya pasipoti imebaki kwa ndugu. Anayekwenda kula bata, akishamaliza mnara na ngamia, avuke hori kwa mtumbwi wa abiria, unaitwa abra, nauli ya sehemu nyingi ni dirhamu moja tu. Aingie Al Fahidi, atafute nyumba yenye dari ya zamani, ainue uso.

Zile boriti zimekaa pale kabla ya mafuta, kabla ya Emirates, kabla ya nchi yenyewe kuwa na jina. Mtu wa Rufiji alizikata akiwa amezama kwenye tope mpaka magotini, na jina lake halikuandikwa popote. Yeye ndiye wa kwanza kutoka kwetu kuacha alama Dubai, na hakuposti.